SIRI YAO, MABOMU YETU!

Ndugu msomaji, kama unaishi Mbagala, Mtoni Kijichi, Gongo la Mboto, Ukonga au Kitunda, swali hili linakuhusu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sheria za usalama wa taifa katika nchi hii zinamlinda nani? Zinakulinda wewe kabwela unayelala chini ya bati, au zinamlinda mkubwa aliyekalia faili?

Usijibu haraka. Kwanza tukumbushane.

Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, ilipokaribia adhuhuri, maghala ya silaha ya Jeshi la Wananchi katika kikosi cha 671 KJ, Mbagala Kizuiani, yalilipuka. Watoto walikuwa darasani, mama lishe walikuwa mekoni, makondakta walikuwa wananadi abiria Rangi Tatu. Mabomu yakaruka juu ya mapaa kama fataki za mwaka mpya. Barabara ya Kilwa ikafurika watu wanaokimbia bila kujua wanakokimbilia. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka kuta.

Wakubwa wakaja na misafara yao. Wakavaa nyuso za huzuni. Uchunguzi ukaahidiwa, fidia ikaahidiwa, na wananchi wakaambiwa watulie.

Wakatulia. Haikutimia hata miaka miwili. Jumatano nyingine, tarehe 16 Februari 2011, giza likiwa limeshaingia, maghala ya kikosi cha 511 KJ, Gongo la Mboto, nayo yakalipuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliliambia Bunge kwamba maghala 23 yameteketea. Uwanja wa ndege wa kimataifa ukafungwa kwa muda. Maelfu ya watu wakakimbia usiku ule, wengine hadi uwanja wa michezo kule Chang'ombe, Temeke, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Kwa mara nyingine zaidi ya watu 20 wakafa.

Ajali ya kwanza unaweza kuiita ajali. Ya pili, ya aina ile ile, katika jiji lile lile, chini ya waziri yule yule, utaiita nini?

SHERIA INAYOFUGA MAGHALA

Watu wengi wanadhani tatizo la Mbagala na Gongo la Mboto ni baruti peke yake. Sivyo! Baruti ina sheria inayoifuga. Sheria hiyo inaitwa Sheria ya Usalama wa Taifa, Namba 3 ya mwaka 1970.

Itazame vizuri. Kwa mujibu wa sheria hiyo, siri ya serikali ni kitu chochote ambacho ofisa mwenye mamlaka amekitangaza kuwa ni siri. Basi! Hakuna kipimo. Sheria haimtaki ofisa huyo athibitishe kwamba kitu hicho kikijulikana nchi itavamiwa. Haimuulizi kama kukificha kutaua watu wa nchi hiyo hiyo. Akipiga muhuri, imekuwa siri. Na wewe ukikitafuta, ukikipata, ukikihifadhi au ukikitangaza, unaikaribia jela, tena kwa miaka mingi.

Sheria hii ilitungwa chini ya chama kimoja, wakati jirani zetu wa kusini walikuwa bado wanapigana na ukoloni na nchi yetu ilikuwa kambi ya wapigania uhuru. Wakati ule mtu angeweza kuitetea, na wapo walioitetea kwa nia njema. Lakini mfumo wa chama kimoja ulifutwa mwaka 1992. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitaja sheria 40 zinazobana haki za wananchi, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Vyama vingi vikaja, chaguzi zikaja, sheria hii ya 1970 ikavuka mto salama salimini. Hadi leo ni sheria ya nchi.

Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Wananchi wakapiga makofi. Kumbe ndani yake mliachwa mlango mpana unaoitwa usalama wa taifa, na taarifa yoyote inayosukumwa kupitia mlango huo haitoki tena. Ulipewa ufunguo wa nyumba, chumba unachokitaka kikatiwa komeo kwa ndani.

Sasa rudi Kizuiani. Jiulize ni nani, kabla ya tarehe 29 Aprili 2009, angeweza kumwambia mkazi wa pale kwamba ukuta wa jirani yake umeficha tani kadhaa za mabomu? Mjumbe wa nyumba kumi? Hakujua. Diwani? Angeuliza angeitwa mchochezi. Ofisa wa mipango miji? Ramani yake inaonyesha eneo la jeshi, na zaidi ya hapo hatakiwi kuuliza. Mwandishi wa habari? Huyo ndiye wa kwanza kufungwa. Askari wa ghalani aliyeona masanduku yameoza? Ana kiapo, na ana watoto wa kulisha.

Kwa hiyo wote waliokuwa na uwezo wa kuonya walifungwa mdomo, na waliokuwa na haki ya kuonywa walifungwa macho. Halafu mabomu, ambayo hayajui sheria wala kiapo, yakasema yenyewe.

BOMU BOVU HALILINDI MTU

Watetezi wa siri hupenda kutuambia kwamba kuzungumzia silaha ni kudhoofisha ulinzi. Wacha tuzungumze basi kuhusu silaha zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo danganya toto inapoonekana.

Kombora si jiwe. Halikai miaka 40 likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Ile baruti inayolisukuma huoza taratibu yenyewe kwa yenyewe, na inapooza hutoa joto. Ndiyo maana viwandani huchanganywa na dawa ya kuituliza. Dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na inapungua haraka zaidi mahali penye joto. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha bila kiberiti na bila adui. Dawa pekee ya ugonjwa huu ni kupima sampuli mara kwa mara, kutenga zilizochakaa na kuziteketeza mbali na watu.

Dar es Salaam ni jiji la namna gani? Ni jiji la joto na unyevu wa bahari. Nyundo hapa inashika kutu ukiisahau nje wiki mbili. Hapo ndipo mabomu yaliporundikwa.

Na kabla bomu halijajilipua lenyewe, tayari limeshapoteza makali yake. Baruti iliyochakaa hurusha kombora likaangukia mahali pasipotarajiwa, au halitoki kabisa, au linapasukia kwenye mtutu na kumuua mpigaji. Mwaka 1978 na 1979, katika vita vya Kagera, mizinga ya Katyusha ya jeshi letu iliwatia kiwewe askari wa Idi Amin, hata Waganda wakaipa jina la Saba Saba. Heshima ile ya jeshi letu ililetwa na silaha nzima mikononi mwa askari wenye moyo. Hailetwi na maghala ambayo hakuna raia anayeruhusiwa kujua yana nini na yamekaguliwa lini.

Tuseme wazi: silaha iliyooza haimtishi adui. Inamtisha askari anayeilinda na mama anayefua nguo nyuma ya ukuta. Usiri hauongezi makali ya silaha hata chembe. Kazi yake ni kuficha ubutu wake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio kimetufichua mara mbili.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Tusiambiwe kwamba hatukuonywa. Tarehe 22 Machi 2007, miaka miwili kabla ya Mbagala, ghala la silaha la Malhazine lililipuka katika vitongoji vya Maputo, Msumbiji, na zaidi ya watu 100 wakafa. Joto, silaha za zamani, kambi iliyozungukwa na nyumba za walalahoi: kila kitu kilikuwa kama kwetu. Kabla ya hapo, tarehe 27 Januari 2002, kambi ya Ikeja jijini Lagos, Nigeria, ililipuka. Mamia ya watu waliokuwa wakikimbia usiku walizama katika mfereji, na waliokufa kwa ujumla walikadiriwa kupita 1,000. Majenerali wetu wanasoma magazeti. Mabalozi wetu wapo Maputo na Abuja. Somo lilikuwa mezani.

Na hatukupata somo la kufungwa mdomo kutoka kwa mataifa yenye silaha nyingi kuliko sisi. Mwezi Julai 1926, radi ilipiga ghala la silaha la jeshi la majini la Marekani huko Lake Denmark, katika jimbo la New Jersey. Walikufa watu wapatao 20, idadi inayokaribiana na ya Mbagala. Bunge lao halikuridhika na rambirambi. Kufikia mwaka 1928 kulikuwa na bodi maalumu ya usalama wa vilipuzi, yenye kazi ya kuhakikisha mabomu hayarundikwi mahali pasipofaa na hayakai karibu na makazi ya watu. Marekani haijashindwa vita kwa sababu ya bodi hiyo!

Leo kanuni za umbali zinajulikana dunia nzima. Umoja wa Mataifa umezichapisha, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hesabu yake ni ya wazi: kadiri shehena inavyokuwa kubwa, ndivyo nyumba ya kuishi inavyotakiwa kuwa mbali. Tani 10 za vilipuzi vinavyoweza kulipuka kwa mkupuo zinataka karibu nusu kilomita. Tani 100 zinataka takriban kilomita nzima. Sasa simama Mbagala Kizuiani, tazama ukuta wa kambi, halafu tazama nyumba ya kwanza, na upime kwa macho yako. Huhitaji digrii ya uhandisi.

"WANANCHI WALIIVAMIA KAMBI"

Hapa ndipo watetezi wa wakubwa hutoa karata yao: kambi ilikuwepo kwanza, wananchi ndio walioifuata. Maneno haya yamesemwa mara nyingi, na kuna watu wema wanaoyaamini.

Ni kweli kambi zilijengwa wakati maeneo yale yalikuwa mashamba na mapori. Mwaka 1978 mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 850,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36, na ile ya mwaka 2022 milioni 5.38. Watu wale wote hawakushuka kwa parachuti usiku mmoja. Serikali iliwahesabu mmoja mmoja. Iliwajengea shule, ikawawekea nguzo za umeme, ikawakata kodi, ikawaandikisha kupiga kura na ikaja kwao na kofia na kanga kila baada ya miaka mitano. Wakati wa kuomba kura haikuwaita wavamizi.

Na hata tukikubali kwamba walikosea kujenga pale, nani aliwaambia umbali salama ni upi? Huwezi kumficha mtu mpaka kwa sheria, halafu ukamshitaki kwa kuuvuka. Kama umbali ule ungebandikwa katika ofisi ya kila serikali ya mtaa, mwenye kiwanja angepima, na ofisa ardhi aliyegawa kiwanja hicho angekamatwa. Usiri uliwafaa waliogawa viwanja kama ulivyowafaa waliorundika mabomu.

Kisha kuna karata ya mwisho: adui atajua. Adui yupi? Katika zama hizi za setilaiti, nchi yenye nia mbaya inaiona paa la kila ghala kutoka angani. Aliyeuza silaha zile anayo orodha ya kila sanduku alilouza. Kwa vitu kama hivi, asiyejua ni mmoja tu: Mtanzania aliyezilipia.

Kumbuka mkasa wa rada. Mwaka 2001, mwaka ule ule nchi yetu iliposamehewa madeni kwa sababu ya umaskini, Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE ituuzie rada ya paundi milioni 28. Clare Short, waziri katika serikali ya Uingereza yenyewe, aliipinga waziwazi. Wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa wakasema ni ghali mno na haifai kwa kazi za ndege za kiraia. Hapa kwetu aliyehoji alionekana si mzalendo. Mwezi Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza BAE faini kwa kutotunza vizuri hesabu za biashara hiyo, na kampuni ikakubali kutoa karibu paundi milioni 30 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zile zikanunua vitabu na madawati. Kwa hiyo mambo ya mkoba wetu tulisomewa na hakimu wa London! Waingereza walijua, muuzaji alijua, na madalali walijua. Sisi wenye mkoba ndio tuliokuwa "adui".

BABA NA MWANA

Mwaka 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola walikufa kule Shinyanga. Mzee Mwinyi hakumpiga mtu yeyote, wala hakutoa amri ya kupiga. Lakini alijiuzulu, kwa sababu yalitokea chini ya wizara yake. Hata sisi wa upinzani tuliompinga baadaye kwa mengi hatukumnyang'anya heshima hiyo, na alipofariki mwezi Februari 2024 taifa zima liliikumbuka.

Mwaka 2009 na mwaka 2011, Waziri wa Ulinzi alikuwa mwanawe, Dk. Hussein Mwinyi. Hatusemi kwamba aliwasha kiberiti. Tunasema kwamba Mbagala ililipuka chini ya wizara yake, akabaki. Gongo la Mboto ikalipuka chini ya wizara ile ile, akabaki. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Davis Mwamunyange, naye akabaki. Vyama vya upinzani vilipiga kelele wawajibike, sauti zikapotelea hewani. Mwaka 2020 Dk. Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar.

Kilichobadilika kati ya baba na mwana ni nini? Uungwana wa mtu mmoja mmoja ni jambo la Mungu, tuuache. Sisi tunatazama sheria. Pale ambapo ripoti ni siri, kosa halina mwenyewe. Wewe mkazi wa Kizuiani, umewahi kushika mkononi ripoti kamili ya uchunguzi wa mwaka 2009? Wewe wa Gongo la Mboto, nakala yako ya mwaka 2011 iko wapi? Unajua ni nani aliandika kwamba maghala yale ni salama, na aliandika lini? Hujui. Na usipojua, utamwajibisha nani? Utabaki kulalamikia fidia, kama wenzako walivyolalamika kwa miaka, ukihesabu nyufa za ukuta wako.

TUNATAKA NINI?

Hatutaki mipango ya vita ibandikwe kwenye nguzo za umeme. Nchi ina haki ya kuwa na siri zake za ulinzi: vikosi viko wapi wakati wa hatari, vina uwezo gani, vitapiga vipi. Anayeuza siri hizo afungwe, na sisi tutashangilia. Na askari wetu tunawaheshimu, kwani ghala likilipuka wao ndio wa kwanza kuwa karibu na moto.

Tunachotaka ni mambo manne, na mbunge wako unaweza kumdai kesho asubuhi.

Kwanza, Sheria ya mwaka 1970 ifumuliwe. Siri ielezwe kwa kipimo ndani ya sheria yenyewe, isiwe chochote anachotaka ofisa. Na iandikwe wazi kwamba hatari kwa maisha ya raia haiwezi kuwa siri.

Pili, kiundwe kwa sheria chombo cha kukagua maghala ya silaha, chenye wataalamu wasio chini ya wale wanaokaguliwa. Kiripoti bungeni kila mwaka. Idadi ya mabomu iachwe. Wananchi tuambiwe mambo mawili tu: ghala hili limepimwa lini, na nyumba ya kwanza inatakiwa iwe mbali kiasi gani.

Tatu, ripoti za uchunguzi wa Mbagala na Gongo la Mboto ziwekwe hadharani, ukurasa kwa ukurasa. Miaka imepita ya kutosha. Silaha zilizolipuka hazipo tena. Hakuna siri ya kijeshi ndani ya majivu.

Nne, askari au karani anayeripoti hatari ya ghala lake alindwe na sheria, asihesabiwe msaliti. Sanduku moja lililoripotiwa mapema lingeokoa mtaa mzima.

Hatuombi fadhila. Ibara ya 14 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 18 inampa haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha yake. Kama bomu nyuma ya choo chako si jambo muhimu kwa maisha yako, basi hakuna jambo muhimu duniani!

Na wewe wa Kinondoni usijidanganye kwamba haya ni ya watu wa Temeke na Ilala. Lugalo iko wapi? Jeshi lina makambi jijini kote, na sheria inayokuzuia kuuliza ni moja kwa Mbagala, kwa Kawe na kwa Mwenge. Wewe pia hujui kilichopo nyuma ya ukuta wa jirani yako, na huenda hakuna kitu cha hatari. Lakini ndivyo walivyodhani watu wa Kizuiani, na usalama wa kudhani si usalama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Safari ijayo mgombea atakapofika mtaani kwako na spika zake, mwache amalize kuimba. Kisha muulize swali moja tu, mbele ya watu: ukiingia bungeni, utaifumua Sheria Namba 3 ya mwaka 1970, ndiyo au hapana?

Akianza kuzungumzia adui, umeshapata jibu lako.